Mstari mlangoni mwa kliniki: uhuru wa kusema na amri za zuio Marekani na Kanada

Mbele ya kliniki moja ya mjini Boston, katika jimbo la Massachusetts, palikuwapo kwa miaka kadhaa mstari uliopakwa rangi juu ya njia ya waendao kwa miguu. Mstari huo uliuzunguka mlango kwa umbali wa futi 35, yaani mita 10 na kitu. Aliyekuja kutibiwa aliruhusiwa kuuvuka, na mfanyakazi wa kliniki pia, na askari polisi, hata mpita njia aliyekuwa akielekea kwingine. Asiyeruhusiwa ni yule aliyetaka kusimama hapo ili amsihi mwanamke anayeingia asitoe mimba. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha sheria iliyouweka mstari huo, na majaji wote 9 walikubaliana juu ya matokeo hayo. Lakini mahakama hiyo hiyo, miaka 20 kabla, ilikuwa imeuidhinisha mstari wa futi 36 mbele ya kliniki ya Florida.

Futi moja siyo iliyoleta tofauti. Mstari wa Florida ulichorwa na jaji, dhidi ya watu na vikundi vilivyotajwa kwa majina, baada ya hao kuivunja amri yake ya kwanza. Mstari wa Massachusetts ulichorwa na bunge la jimbo dhidi ya kila mtu, mpole na mkorofi, aliyewahi kuuziba mlango na asiyewahi hata kupaza sauti. Mengi ya yale ambayo mahakama za Marekani na jirani yake Kanada zimeamua kuhusu waandamanaji wanaopinga utoaji mimba yamejengwa juu ya tofauti hiyo, na yeyote anayetaka kuelewa kwa nini maandamano fulani yanaruhusiwa hapa na kukatazwa pale hana budi kuanzia hapo.

Zuio la shamba na zuio la maneno

Wasomaji wengi wa Kiswahili wamelizoea neno zuio katika mashauri ya ardhi na mirathi. Ndugu wawili wanagombea shamba. Mmoja anakimbilia mahakamani, na mahakama inamkataza mwenzake asiliuze wala asijenge juu yake hadi kesi imalizike. Marekani na Kanada ziliurithi utaratibu huo kutoka Uingereza, kama zilivyourithi Kenya na Tanzania, na chombo ni kile kile. Mdai humweleza jaji kwamba anapata madhara ambayo fidia ya fedha haiwezi kuyaponya. Jaji akiridhika na ushahidi humwamuru mdaiwa aache jambo fulani. Amri yaweza kuwa ya siku chache, ya muda wote wa kesi, au ya kudumu. Humfunga aliyetajwa ndani yake, pamoja na wale wanaotenda kwa kushirikiana naye huku wakijua kwamba amri ipo. Anayeivunja huadhibiwa kwa kuidharau mahakama, kwa faini au kwa kifungo, hata kama kitendo chenyewe, kama vile kusimama na bango, si kosa popote pengine.

Jambo linapokuwa shamba hakuna anayeshtuka. Linapokuwa maneno, sheria ya Marekani husita sana. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yanaikataza dola kupunguza uhuru wa kusema, na njia ya waendao kwa miguu kando ya barabara ni miongoni mwa mahali ambapo uhuru huo hulindwa kwa nguvu zaidi. Anayesimama pale hahitaji kumiliki gazeti wala kituo cha redio. Hata hivyo mahakama za nchi hiyo zimekubali kwa muda mrefu kwamba serikali inaweza kupanga wakati, mahali na namna ya kusema, mradi isichague rai ya kuipendelea na mradi iache njia nyingine za kutosha za kuifikisha rai hiyo kwa watu. Ugomvi wa kliniki umekuwa hasa juu ya neno la pili kati ya hayo matatu.

Malango yaliyozibwa kwa miili

Uamuzi wa Roe dhidi ya Wade wa mwaka 1973, uliotambua haki ya kikatiba ya kutoa mimba nchini Marekani, ulizaa upinzani wa aina nyingi. Kulikuwa na waliosali kimya, waliogawa vipeperushi, na wale walioitwa washauri wa kando ya barabara, ambao humkaribia mwanamke mmoja mmoja na kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 likatokea kundi la Operation Rescue, chini ya Randall Terry, lenye mbinu nyingine kabisa. Wafuasi wake waliketi kwa mamia mbele ya milango ya kliniki, wakakataa kuondoka, wakasubiri kubebwa na polisi. Mjini Wichita, Kansas, katika kiangazi cha mwaka 1991, watu walikamatwa zaidi ya mara 2,500 ndani ya wiki chache, na jaji wa shirikisho Patrick Kelly alitoa amri ya kuwazuia wasiifunge milango.

Wenye kliniki walisema kwamba kuketi mlangoni si kusema. Wapinzani walijibu kwamba wanafuata nyayo za harakati za haki za raia weusi, ambao nao waliketi palipokatazwa. Hoja zote mbili zina uzito, na ni kosa la kawaida la wanaoandika juu ya suala hili kuitaja moja na kuiacha nyingine.

Mwanzoni kliniki zilikimbilia mahakama za shirikisho, zikiitegemea sheria ya mwaka 1871 iliyotungwa dhidi ya Ku Klux Klan. Njia hiyo ilizibwa Januari 1993, katika shauri la Bray dhidi ya kliniki ya Alexandria, Mahakama ya Juu iliposema kwamba sheria ile haikuwahusu wapinzani wa utoaji mimba. Wiki chache baadaye, tarehe 10 Machi, daktari David Gunn alipigwa risasi na kuuawa nje ya kliniki mjini Pensacola, Florida. Bunge la Marekani lilijibu kwa sheria ya uhuru wa kuingia kliniki, ijulikanayo kwa kifupi kama FACE, ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini Mei 1994. Sheria hiyo inakataza kutumia nguvu, kutishia au kuziba njia, na inawaruhusu walioathirika pamoja na serikali kuomba zuio. Kulinda wale wanaoingia kanisani na mahali pengine pa ibada kumo ndani ya sheria hiyo hiyo, jambo ambalo husahauliwa mara nyingi.

Melbourne, Florida: futi kwa futi

Shauri lililoweka kipimo lilitoka Melbourne, mji wa pwani ya mashariki ya Florida. Septemba 1992 jaji wa jimbo aliwaamuru waandamanaji wasiizibe njia ya kuingilia kliniki wala kuwadhuru watu. Miezi michache baadaye kliniki ilirudi mahakamani ikidai kwamba amri haitoshi. Ushahidi ulionyesha kwamba makundi, mara watu wachache na mara hadi 400, yalijikusanya kwenye njia ya magari. Kwamba magari yalilazimika kupunguza mwendo ndipo watu wayasogelee. Kwamba nyimbo na vipaza sauti vilisikika ndani ya vyumba vya matibabu, na wagonjwa wakawa na wasiwasi kiasi cha kuhitaji dawa zaidi ya kuwatuliza. Jaji akaipanua amri yake.

Amri mpya ilikuwa na vifungu vingi, na Mahakama ya Juu, katika hukumu ya Madsen dhidi ya Women's Health Center ya tarehe 30 Juni 1994, ilivipima kimoja kimoja kama fundi anayekagua mbao. Eneo la kinga la futi 36, kama mita 11, mbele ya mlango na njia ya magari lilikubaliwa, kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu na amri ya kwanza ilikuwa imeshindwa. Eneo kama hilo upande wa nyuma na ubavuni, kwenye ardhi ya watu binafsi, lilikataliwa, maana hapakuwa na ushahidi kwamba waliosimama huko waliziba chochote. Katazo la makelele wakati wa upasuaji na wa wagonjwa kupumzika, saa za asubuhi, lilikubaliwa. Katazo la mabango yenye picha zinazoonekana kutoka ndani ya kliniki lilikataliwa: anayeudhiwa na picha, ilisema mahakama, anaweza kufunga pazia. Kifungu kilichomkataza mwandamanaji kumkaribia mgonjwa yeyote ndani ya futi 300 bila ridhaa yake kilikataliwa, na vile vile lile eneo la futi 300 kuzunguka nyumba za wafanyakazi, ingawa mahakama iliacha wazi uwezekano wa eneo dogo zaidi.

Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu William Rehnquist, ambaye mwaka 1973 alikuwa mmoja wa majaji wawili tu walioupinga uamuzi wa Roe. Hilo linastahili kukumbukwa na wanaodhani kwamba kesi hizi ni kesi za utoaji mimba kwa jina jingine. Alieleza kwamba zuio si sawa na sheria ya bunge. Sheria hutungwa kwa ajili ya watu wote. Zuio hutolewa kwa sababu watu fulani wamekwisha kufanya jambo fulani, na ndani yake mna hatari ya kuadhibu kwa upendeleo. Kwa hiyo alikiweka kipimo chake: zuio lisibebeshe maneno mzigo mkubwa kuliko unaohitajika ili kulinda jambo muhimu la umma. Kwamba waliozuiwa wote walikuwa na rai moja hakukulifanya zuio kuwa adui wa rai hiyo, maana hapakuwa na wengine waliofanya vitendo vile mlangoni pale.

Kumbukumbu ya Birmingham

Jaji Antonin Scalia, akiungwa mkono na Anthony Kennedy na Clarence Thomas, hakukubali. Pingamizi lake ndilo lililoishi kuliko mapingamizi mengi ya enzi hiyo, na halihitaji msomaji awe upande wake juu ya mimba ili aone nguvu yake. Alikuwa ameitazama kanda ya video iliyotolewa mahakamani, akasema aliona humo watu wakiimba, wakisali, wakibeba mabango, na wengine wa upande wa pili wakifanya vivyo hivyo. Zuio dhidi ya maneno, alisema, ni la hatari zaidi kuliko sheria, kwa sababu linatoka kwa mtu mmoja, linawalenga watu wa rai moja, na anayelivunja hana nafasi ya kusema baadaye kwamba lilikuwa batili.

Hoja hiyo ya mwisho ina historia. Aprili 1963 jaji wa jimbo la Alabama aliwazuia Martin Luther King na wenzake wasiandamane mjini Birmingham bila kibali, ambacho wenye mamlaka wa mji hawakuwa na nia ya kukitoa. Wakaandamana siku ya Ijumaa Kuu na ya Pasaka, wakafungwa kwa kuidharau mahakama. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema kifungo ni halali: walipaswa kwenda kulipinga zuio mahakamani kwanza, si kulivunja. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya mwandamanaji mwingine wa siku zile zile, mahakama hiyo hiyo iliitangaza sheria ya vibali ya Birmingham kuwa ilitumika kinyume cha Katiba. King alikuwa amekwisha kukitumikia kifungo chake.

Kanuni hiyo haijafutwa. Aliyepewa amri ya zuio mbele ya kliniki, hata kama wakili wake anaamini kwa dhati kwamba amri ni mbovu, anatakiwa aitii huku akikata rufaa au akiomba irekebishwe. Kwa mtu wa kawaida aliyeingia katika maandamano ya kanisa lake bila kusoma karatasi yoyote, swali la kwanza ni kama amri imekwisha kutolewa mahali hapo na kama inamhusu. Amri hizo ni nyaraka za wazi, na karani wa mahakama huzitoa kwa anayeziulizia.

Eneo linalotembea

Miaka mitatu baada ya Madsen, tarehe 19 Februari 1997, mahakama ilirudi kwenye suala hilo kwa kesi kutoka Buffalo na Rochester, magharibi ya New York, karibu na mpaka wa Kanada. Jaji Richard Arcara alikuwa ameweka maeneo mawili ya futi 15, karibu mita 4 na nusu. La kwanza lilikuwa tuli, kuzunguka milango na njia za magari. La pili lilitembea: kila mgonjwa na kila gari liliandamana na duara lake la futi 15, na mwandamanaji alipaswa kulikwepa popote lilipokwenda.

Eneo tuli lilikubaliwa. Lile linalotembea lilikataliwa kwa kura 8 dhidi ya 1, na sababu yake ni ya kivitendo mno. Katika njia yenye upana mdogo, mtu anayetaka kuzungumza na anayetembea angelazimika kurudi kinyumenyume, au kushuka barabarani kwenye magari, huku akikisia umbali. Hangeweza kujua ni wakati gani ametii na wakati gani amevunja. Amri isiyoeleweka na anayepaswa kuitii humnyamazisha hata pale isipokusudia. Ndani ya eneo tuli, jaji alikuwa amewaruhusu washauri wawili kwa wakati mmoja, kwa sharti kwamba waondoke pale wanapoambiwa na mgonjwa kwamba hataki. Mahakama haikuona kasoro katika sharti hilo.

Miongoni mwa madaktari waliokuwa wadai katika shauri la Buffalo alikuwamo Barnett Slepian. Tarehe 23 Oktoba 1998 alipigwa risasi na kuuawa akiwa jikoni nyumbani kwake, katika kitongoji cha Amherst. Muuaji wake alikamatwa Ufaransa mwaka 2001, akahukumiwa. Mauaji hayo hayakufanywa na wale waliosali mlangoni, wala hakuna eneo la futi 15 ambalo lingeyazuia. Lakini majaji waliopima mistari hiyo walijua, na wagonjwa walijua, kwamba aliyesimama pale kwa upole na aliyekuja na nia nyingine hawatofautishwi kwa kuwatazama.

Sheria kwa wote

Baadhi ya majimbo hayakutaka kusubiri majaji. Colorado, kwa sheria ya mwaka 1993, ilikataza ndani ya futi 100 za mlango wa kituo chochote cha afya kumsogelea mtu karibu zaidi ya futi 8, bila ridhaa yake, ili kumpa kipeperushi, kumwonyesha bango au kumshauri. Mwaka 2000, katika shauri la Hill dhidi ya Colorado, sheria hiyo ilisimama kwa kura 6 dhidi ya 3. Wengi walisema kwamba mtu anayekwenda kutibiwa ana haki ya kuachwa, na kwamba futi 8 ni umbali wa kuzungumza kwa sauti ya kawaida. Wachache walisema kwamba sheria inayohitaji polisi asikilize maneno kwanza ndipo ajue kama kosa limetendeka imekwisha kuyachagua maneno.

Massachusetts ilikuwa na sababu nzito za kutunga sheria yake. Tarehe 30 Desemba 1994 mtu mmoja aliingia katika kliniki mbili za Brookline na kuwaua wanawake wawili waliokuwa kazini. Jimbo lilijaribu kwanza sheria iliyofanana na ya Colorado, kisha mwaka 2007 likaweka mstari wa futi 35. Aliyeipinga, Eleanor McCullen, alikuwa mwanamke wa umri wa miaka ya sabini, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuzungumza kwa upole na wanaoingia. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba tatizo lililoonyeshwa mahakamani lilikuwa hasa la kliniki moja, asubuhi za Jumamosi, lakini jimbo lilifunga njia za umma mbele ya kliniki zote, siku zote. Lilikuwa na vyombo vingine ambavyo halikuvitumia. Na chombo alichokitaja kwa mkazo kilikuwa kile kile ambacho Scalia alikiogopa: zuio la mahakama, linalomshika aliyekosa na kumwacha asiyekosa.

Hivyo ndani ya miaka 20 zuio liligeuka kutoka kuwa jambo la kushukiwa na kuwa jambo la kupendekezwa. Scalia mwenyewe alikubali matokeo lakini si hoja.

Faida ya zuio ni kwamba linadai ushahidi, na usipokuwapo halitolewi. Mwaka 2017 mwanasheria mkuu wa New York aliomba zuio dhidi ya waandamanaji wa kliniki moja ya mtaa wa Queens. Mwaka uliofuata jaji wa shirikisho, Carol Amon, baada ya kusikiliza mashahidi na kutazama kanda za video, alilikataa ombi hilo, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa iliuacha uamuzi wake usimame.

Amri ya muda isiyokwisha

Kanada ni shule nyingine. Huko hakuna Marekebisho ya Kwanza. Mkataba wa Haki wa mwaka 1982 unalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 2, lakini kifungu cha 1 kinasema wazi kwamba haki zote zinaweza kuwekewa mipaka inayokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Jaji wa Kanada kwa kawaida huanza kwa kukiri kwamba eneo la kinga linapunguza uhuru, kisha huuliza kama serikali imethibitisha sababu.

Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Kanada iliifuta sheria ya jinai juu ya utoaji mimba. Mwaka 1992 kliniki ya daktari Henry Morgentaler mjini Toronto ililipuliwa usiku. Serikali ya jimbo la Ontario ikaenda mahakamani, na Agosti 1994 ikapewa zuio dhidi ya waandamanaji karibu na kliniki kadhaa na karibu na nyumba za madaktari. Lilikuwa zuio la muda, la kungojea kesi yenyewe isikilizwe.

Kesi hiyo haikusikilizwa. Mwaka ulipita, kisha muongo, na amri ya muda ikaendelea kufanya kazi. Bibi mmoja wa Toronto, ambaye kosa lake lilikuwa kusimama na bango kimya ndani ya eneo lililokatazwa, alikamatwa tena na tena na kukaa gerezani miaka kadhaa kwa jumla. Shauri lake lilipofika Mahakama ya Juu mwaka 2012, swali halikuwa kama amri ya mwaka 1994 iliheshimu uhuru wa kujieleza. Swali lilikuwa la utaratibu: je, anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai la kutotii amri, badala ya kushtakiwa kwa kuidharau mahakama katika kesi ya madai? Majaji walijibu ndiyo, mmoja wao akipinga. Hapa hofu ya Scalia inaonekana ikiwa na sura ya mtu. Zuio lilitolewa kwa ushahidi wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waliolivunja miaka 15 baadaye walikuwa wakiadhibiwa kwa hali ambayo hakuna mahakama iliyoipima upya.

British Columbia ilichagua njia ya bunge mapema. Novemba 1994 daktari Garson Romalis alipigwa risasi nyumbani kwake Vancouver akistaftahi, akanusurika. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ya maeneo ya kinga, ambayo mahakama ya rufaa ya jimbo iliihalalisha mwaka 2008. Ontario iliifuata baada ya miaka mingi. Tangu tarehe 1 Februari 2018 sheria yake inaweka eneo la mita 50 kuzunguka kliniki, linaloweza kuongezwa hadi mita 150, na mita 150 kuzunguka nyumba za watoa huduma. Ndani ya eneo hilo ni marufuku kumshawishi mtu asitoe mimba au kuonyesha upinzani kwa neno, bango au kitendo, na kosa la kwanza laweza kumletea mtu faini ya hadi dola 5,000 au kifungo cha hadi miezi 6. Sheria ya namna hiyo, inayoutaja upande mmoja wa mjadala kwa uwazi, ingekuwa na safari ngumu sana mbele ya majaji wa Washington. Kanada inapita, kwa sababu ya kifungu cha 1. Tena, tofauti na zuio la mwaka 1994, ilijadiliwa hadharani na inaweza kufutwa na bunge linalofuata.

Baada ya mwaka 2022

Juni 2022, katika shauri la Dobbs, Mahakama ya Juu ya Marekani iliondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba na kuyarudishia majimbo suala hilo. Malango ya kliniki hayakutulia, yalihama. Carbondale, mji mdogo wa kusini mwa Illinois, ulijikuta ukipokea wanawake kutoka Missouri, Kentucky na Tennessee, ambako huduma ilikuwa imekatazwa, na waandamanaji nao wakafuata. Januari 2023 mji ukapitisha kanuni ya futi 8 kwa mfano wa Colorado, kisha mwaka 2024 ukaifuta, huku kesi ya kuipinga ikiwa njiani.

Januari 2025 Rais Donald Trump aliwasamehe watu 23 waliokuwa wametiwa hatiani chini ya sheria ya FACE, na wizara yake ya sheria ikatangaza kwamba itaitumia sheria hiyo dhidi ya waandamanaji katika mazingira ya pekee tu. Sheria yenyewe haikufutwa, na kliniki bado zinaweza kwenda mahakamani zenyewe kuomba zuio bila kuisubiri serikali. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Februari, Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi ya Carbondale. Jaji Thomas, mmoja wa watatu waliopinga mwaka 2000, aliandika kwamba ilipaswa kusikilizwa na hukumu ya Hill itupiliwe mbali. Jaji Samuel Alito naye alitaka isikilizwe. Kura 4 ndizo zinazohitajika ili kesi ipokelewe. Hazikupatikana, na hukumu ya Hill ikabaki.